Barua ya wazi kwa wakubwa wa kampuni yetu hapa Georgia: hatukuomba tamko, tuliomba ratiba

KWA: Mkurugenzi Mkuu na wajumbe wote wa Bodi

NAKALA: wakuu wa makampuni mengine ya Atlanta mnaopenda kutoa matamko, wafanyakazi wote wa maghala ya DeKalb, Cobb, Clayton na Gwinnett

YAH: MSIMAMO WA KAMPUNI KUHUSU SHERIA ZA KUPIGA KURA

Waheshimiwa,

Salaam nyingi. Natumaini hamjambo nyie na familia zenu. Sisi huku chini ni wazima, uchovu tu.

Jina la kampuni siliandiki hapa. Woga upo kidogo sikatai, ila sababu kubwa ni kwamba nikiliandika mtashughulika na jina badala ya hoja, na pia najua kuna kampuni kibao zitasoma zijione humuhumu. Nyie mnajijua. Alafu naandika kwa Kiswahili maana kwa Kiingereza tulishaandika, kwa supavaiza, kwa HR, kwenye lile sanduku la maoni pale kantini, na tulichovuna ni imeili ya mashine inayosema asante, maoni yako ni ya thamani kwetu. Basi sa hivi naandika kwa lugha ambayo wenzangu wa kwenye laini wanaisoma, Wakongo wa Clarkston, Wakenya wa Marietta, miji ya pembeni ya Atlanta, Warundi, sisi Wabongo. Tafsiri isiwasumbue, mtafsiri mnaye, mabango ya usalama pale mlango wa kupakia mizigo yanatuambia kwa Kiswahili safi kabisa tuvae viatu vya chuma.

Jambo lenyewe ni hili. Kila sheria ya kura ikichemka hapa jimboni mnatoa tamko kwamba kampuni inaamini haki ya kila raia kupiga kura, linawekwa kwenye skrini ya kantini, linawekwa mtandaoni na picha ya watu wa rangi zote wanacheka, na kati ya hao wanaocheka wawili nawajua, wako shifti yangu, na mmoja wao 2022 hakupiga kura kwa sababu ya ratiba yenu.

Watu wanabishana eti kampuni ziseme au zinyamaze kuhusu sheria za uchaguzi. Mi naona hilo swali limekaa upande. Kampuni hazijawahi kunyamaza hata siku moja, kila Januari bunge la jimbo likifunguliwa pale Atlanta walobisti wenu, yaani watu mnaowalipa kushawishi wabunge, wako koridoni kabla hata wabunge hawajavua makoti, wanasema kuhusu kodi, kuhusu barabara, kuhusu mafuta. Kwa hiyo kusema mnasema. Mi nauliza mnasema lini, mnamwambia nani, na hela zenu zinasema nini wakati mdomo unasema kingine.

Kwa wasomaji wasiokaa huku nieleze kidogo. Novemba 2020 Joe Biden wa Democrats alishinda Georgia kwa tofauti ya kura 11,779, kura zote zikahesabiwa mara tatu, mara moja kwa mkono kabisa, mshindi akawa yuleyule. Januari 2, 2021 Trump, aliyeshindwa, akampigia simu Brad Raffensperger, katibu wa jimbo anayesimamia uchaguzi, akamwambia anataka kupata kura 11,780. Siku tatu baadaye duru ya pili ikawapeleka Raphael Warnock na Jon Ossoff, nao wa Democrats, Seneti ya Marekani. Hazijapita hata miezi mitatu, Machi 25, Gavana Brian Kemp wa Republican akasaini sheria inayoitwa SB 202, kurasa 98, mlango umefungwa, na mbunge Park Cannon aliyekuwa anaugonga huo mlango akakamatwa na askari akatolewa na pingu mkononi.

Ndani ya hizo kurasa kuna mengi. Kura ya posta sasa inataka namba ya leseni au ya kitambulisho badala ya kulinganisha sahihi. Zamani ulikuwa unaanza kuomba karatasi ya posta siku 180 kabla ya uchaguzi, sasa ni 78, na mlango unafungwa siku 11 kabla. Duru ya pili imebanwa kutoka wiki tisa mpaka nne. Mpiga kura yeyote anaweza kupinga majina ya wenzake kwenye daftari, kwamba hawastahili kupiga kura, bila kikomo cha idadi. Na kumpa mtu maji kwenye foleni, ndani ya futi 150 za jengo la kituo, ni kosa la kushtakiwa, ingawa kituo chenyewe kinaruhusiwa kuweka maji mtu ajichukulie, na ile marufuku ya kumfuata mtu foleni nzima hata nje ya hizo futi 150 jaji wa shirikisho aliisimamisha 2023. Haki isemwe pia, sheria hiyohiyo imelazimisha kila kaunti kufungua Jumamosi mbili za kura ya mapema, na kwa kaunti ndogo za mashambani hilo ni jambo zuri. Sio kila mstari ni sumu.

Sasa malalamiko yetu, kwa namba, ili msije mkasema hamkuelewa.

1. Tamko linakuja wino ukishakauka.

Angalieni ilivyokuwa 2021, na hapa nawataja Delta, shirika la ndege, na Coca-Cola, wote wa Atlanta, maana yao yako hadharani. Machi 26, siku moja tu baada ya sahihi, Delta walitoa taarifa ya kusema mswada uliboreshwa sana ulipokuwa bungeni. Machi 31 bosi wao Ed Bastian akawaandikia wafanyakazi kwamba sheria haikubaliki na kwamba sababu yake yote imejengwa juu ya uongo. Siku hiyohiyo James Quincey wa Coca-Cola akaenda kwenye televisheni, naye haikubaliki. Sheria kati ya tarehe 26 na 31 haikubadilika hata koma! Kilichobadilika ni kwamba wanaharakati walishaanza kuzitaja kampuni kwa majina, na asubuhi ya tarehe 31 wakurugenzi Weusi 72, wakiongozwa na Kenneth Chenault aliyekuwa American Express na Kenneth Frazier wa Merck, walitoa barua yao ya wazi gazetini. Aibu ikawafikia. Wiki mbili baadaye, Aprili 14, kukatoka tangazo kubwa la kurasa mbili kwenye magazeti la kutetea haki ya kura, mamia ya kampuni na matajiri wamesaini, mpaka Warren Buffett, na Delta na Coca-Cola hawamo.

Na nyie tamko lenu lilikuja lini? Baada yao. Mlisubiri mkubwa ajitokeze ndo mkajificha nyuma ya mgongo wake.

Mnaweza kusema mapema au baadaye ni yaleyale. Sio yaleyale hata kidogo, na ushahidi uko kwenye sheria yenyewe. Februari ile rasimu zilikuwa zinataka kubana kura za Jumapili, siku ambayo makanisa ya Weusi yanatoka ibadani yanapakia watu mabasini kwenda kupiga kura, na rasimu nyingine ikataka kuwaondolea watu wengi kura ya posta isiyohitaji sababu. Makanisa yakapiga kelele, vyama vya kiraia vikapiga kelele, hata chemba za wafanyabiashara zikakohoa kidogo. Vyote viwili vikatolewa. Yaani kikohozi tu cha wafanyabiashara, kikijumlishwa na kelele za watu, kikakuta mlango bado uko wazi. Mngesema kwa sauti wiki ile tungepata nini kingine? Tamko la Aprili limetuletea nini zaidi ya picha?

2. Hela zenu.

Kumbukumbu za michango ya siasa ziko wazi, mtu yeyote mwenye simu anaziona, na mi nilikaa usiku mmoja wa ofu nikazisoma. Kampuni yetu imewachangia wabunge walioipigia SB 202 kura ya ndiyo, kabla haijapita na baada ya tamko lenu. Sisemi ni dhambi, mnawachangia wa vyama vyote viwili na sababu zenu ni za kodi na barabara, naelewa. Lakini mbunge akipokea tamko lenu mkono wa kushoto na hundi yenu mkono wa kulia unadhani atasoma kipi?

Mitch McConnell, aliyekuwa kiongozi wa Republican Seneti ya Marekani, alilisema hili bila hata kuona haya, Aprili 2021, akaziambia kampuni zikae mbali na siasa, alafu waandishi walipomuuliza akafafanua kwamba hasemi kuhusu michango. Nilicheka peke yangu. Ila alikuwa mkweli kuliko nyie bana, alisema wazi anachotaka, fungeni mdomo fungueni pochi. Na mwaka huohuo bunge letu likapitisha sheria nyingine ambayo haikupata kelele hata robo, ya kamati za uongozi, inayowaruhusu wakubwa wachache kama gavana na viongozi wa vyama bungeni kupokea michango isiyo na ukomo hata wakati bunge linakaa. Mlitoa tamko kuhusu hiyo? Sikuliona kantini.

3. Ratiba.

Hapa naomba mnivumilie maana ndo kiini, na ndo hapa mimi na wenzangu tuliandika tukajibiwa na mashine.

Vituo vya Georgia siku ya uchaguzi vinafunguliwa saa moja asubuhi, vinafungwa saa moja jioni. Siku yenyewe ni Jumanne na sio sikukuu. Sheria ya jimbo inasema mwajiri amruhusu mfanyakazi mpaka saa mbili za kwenda kupiga kura, na tangu 2023 hizo saa zinahusu pia kura ya mapema. Nzuri hiyo. Ila ina mlango wa nyuma. Kama kazi yako inaanza angalau saa mbili baada ya kituo kufunguliwa, au inaisha saa mbili kabla hakijafungwa, mwajiri hadaiwi kitu. Na hata zile saa anazodaiwa sheria haimlazimishi azilipe.

Sasa angalieni shifti yetu ya kati. Inaanza saa tatu kamili asubuhi, inaisha saa tatu na nusu usiku. Saa tatu kamili! Ukipiga hesabu, ni saa mbili sawasawa baada ya kituo kufunguliwa, kwa hiyo kisheria hamtudai na hatuwadai. Sijui ni bahati au kuna wakili alikaa na kalamu, simsingizii mtu. Ninachojua ni kwamba vani inayotuchukua Clarkston inaondoka saa moja na dakika ishirini. Ukiikosa huna gari, basi la mji linakufikisha umechelewa, ukichelewa unakula pointi, pointi zikijaa unafukuzwa. Kwa hiyo zile saa mbili za kwenye makaratasi, kwa mtu wa vani ni dakika ishirini. Dakika ishirini kwenye foleni ya DeKalb! Juni 2020 kwenye uchaguzi wa mchujo kuna vituo vya Atlanta watu walisimama masaa, jua na mvua, na mlikiona kwenye taarifa ya habari kama sisi.

Alafu wale wa usiku. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, masanduku ya kudondoshea kura ya posta yaliwekwa nje, kamera inayaangalia, masaa 24. Mama mmoja wa Kikongo tunayefanya naye kazi, mama wa watu mzima kabisa, aliapishwa uraia baada ya miaka ya kambini na miaka mingine ya kungoja, kura yake ya kwanza maishani aliidondosha saa kumi alfajiri akitoka kazini, bado kavaa fulana yetu ya kung'aa. SB 202 imeyaingiza masanduku ndani ya vituo vya kura ya mapema, na kituo kikifungwa na sanduku limefungwa. Pia imeweka ukomo, kaunti kubwa zinapata moja kwa kila wapiga kura laki moja au moja kwa kila kituo cha mapema, ipi ndogo. Kaunti nne kubwa za Atlanta zilikuwa na masanduku zaidi ya 100 mwaka 2020, yakabaki kama robo tu. Mtu anayefanya kazi ofisini hata hajaona tofauti. Mtu wa usiku ameiona.

Kwa hiyo hii sheria mnayoilaani kwenye skrini inauma zaidi mahali palepale ambapo ratiba yenu inauma. Zimekutana kwa mtu mmoja. Kuibadilisha sheria hamuwezi peke yenu, sawa, mtaniambia mna kura moja moja kama sisi. Ratiba je? Ratiba inapangwa ghorofa ya pili, Ijumaa mchana, na mtu mmoja mwenye kompyuta.

Kwetu Tanzania siku ya uchaguzi mkuu hutangazwa mapumziko, Kenya vilevile, ofisi zimefungwa na watu wako foleni toka alfajiri. Haijatufanya mabingwa wa demokrasia jamani, wote tunajua yanayotokea baada ya foleni, lakini angalau mtu hapigi kura huku anaangalia saa ya bosi.

4. Mchezo wa besiboli.

Hili ni la wakubwa kwa ujumla. Aprili 2, 2021 Rob Manfred, kamishna wa ligi ya besiboli, aliuondoa mchezo wa All-Star, ule wa nyota wa ligi nzima, hapa Georgia, uliokuwa uchezwe Truist Park kaunti ya Cobb, ukaenda Denver. Watu wengine walishangilia. Stacey Abrams, aliyewahi kugombea ugavana hapa na ambaye hakuna aliyeipigania kura ya Georgia kuliko yeye, alisema amesikitika kuuona unaondoka. Mi namwelewa. Anayekosa hela mchezo ukiondoka ni muuza soda, mpishi wa hoteli, dereva wa teksi anayetoka Eritrea au Mombasa. Wabunge walioandika sheria hawakukosa chakula cha jioni.

Julai 2025 mchezo ukarudi Truist Park, fataki na kila kitu. SB 202 iko palepale. Wizara ya sheria ya Marekani iliyolishtaki jimbo Juni 2021 nayo ilishaiondoa kesi yake Machi 2025. Kwa hiyo msimamo ulidumu mpaka watu waliposahau kwanini uliwekwa. Nyie nanyi nasikia mlikuwa na viti vya heshima siku ile. Hongereni.

5. Nani aliwatuma kutusemea?

Tamko lenu linaanza na "sisi wafanyakazi elfu kadhaa wa kampuni hii tunaamini". Mi sikuulizwa. Na niwaambie kitu, sio wote tunaokubaliana. Kaka mmoja wa forklifti, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Macon, anaona kudai namba ya kitambulisho ni sawa kabisa, anasema yeye ghalani hapiti bila beji iweje kura. Wenye kuitetea sheria wanasema pia kwamba 2022 kura za mapema zilivunja rekodi ya chaguzi za katikati ya muhula wa rais na Warnock akashinda tena, sasa kuzuiwa kuko wapi. Mi ninamjibu kaka yule kwamba watu kujikakamua sio ushahidi kwamba hawakuwekewa kigingi, tunabishana mpaka brek inaisha, tunarudi kazini marafiki. Huo ubishi ni wetu. Mkiandika "sisi wafanyakazi" mnamfanya yeye aonekane msaliti, na kesho yake supavaiza akimwangalia vibaya atajua ni kwa nini.

Kuna kifungu kwenye sheria ya haki za kura ya 1965, kifungu cha 208, kiliongezwa 1982. Kinasema mpiga kura asiyeona au asiyejua kusoma anaweza kuingia na mtu yeyote anayemtaka amsaidie. Yeyote, ndugu, jirani, mchungaji, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri wake, na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Waliandika hivo kwa sababu walikuwa wanajua nguvu ya mtu anayekulipa mshahara. Hilo ndo naomba mlikumbuke kila mnaposhika kalamu kuandika kuhusu kura zetu. Semeni kama kampuni, semeni "sisi wakurugenzi tunaona hivi", sina neno. Msiingie na sisi kwenye chumba cha kura.

Sasa najua mtakachojibu, nimekaa hapa miaka ya kutosha.

Mtasema nyie ni wafanyabiashara sio wanasiasa. Ni sawa, basi toeni hela zenu zote kwenye siasa, na hata mi nitawapigia makofi. Kampuni iliyonyamaza mdomo na pochi pia naiheshimu kuliko inayopayuka huku inachangia.

Mtasema mkisema mapema mtaadhibiwa. Ni kweli na silidharau. Delta siku bunge linafunga 2021 walipigiwa kura na baraza la wawakilishi la jimbo wanyang'anywe msamaha wa kodi ya mafuta ya ndege, ikaponea Seneti ya jimbo tu maana muda uliisha bila kuijadili. Waliwahi kutishwa hivohivo 2018 kuhusu mambo ya bunduki na safari ile bunge liliwanyima kweli. Kuna wabunge wa Georgia waliandika barua wakitaka soda za Coca-Cola zitolewe kwenye ofisi zao, hii ya soda mi naomba tusiiite adhabu. Lakini waheshimiwa, kama msimamo ni wa bure mpaka siku utakapogharimu, hapo mlichokuwa nacho ni tangazo la biashara. Na kumbukeni Delta walikaa kimya kabla ya sahihi, bado wakapigwa. Kimya hakikuwaokoa.

Mtasema mnafanya kazi kimyakimya, faraghani ndo mambo yanapofanyika. Hapa mna historia upande wenu na nitawapa kabisa. Martin Luther King alipopata Nobel 1964, wakubwa Weupe wa Atlanta walikuwa wanakwepa kununua tiketi za karamu ya kumpongeza. Paul Austin, mkuu wa Coca-Cola wakati ule, aliwaambia kwamba ni aibu kwa kampuni ya kimataifa kukaa mji usiomheshimu mshindi wake wa Nobel, na kwamba Coca-Cola haiihitaji Atlanta, wao waamue kama Atlanta inaihitaji Coca-Cola. Andrew Young ndo amekuwa akiisimulia hii. Karamu ikafanyika Januari 1965 na tiketi zikaisha. Faragha ya namna hiyo naiunga mkono mia kwa mia, alisema kabla, kwa wenye uwezo wa kubadilisha, na akaweka kampuni yenyewe mezani. Yenu ya faraghani ilikuwa na nini mezani? Tuambieni tu, hatutacheka.

Na mtasema kuhusu ratiba kwamba wateja hawangoji. Siku ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mbona tunafunga mapema.

Basi tunachoomba ni hiki, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kibali cha gavana:

(a) Novemba 3, 2026, siku ya uchaguzi, shifti ya kati ianze saa tano asubuhi, na kila mfanyakazi apate saa mbili zenye malipo siku hiyo au siku yoyote ya kura ya mapema atakayochagua mwenyewe. Bila pointi. Bila kuulizwa kampigia nani au kama kapiga. Kampuni nyingi ziliungana toka 2018 kuwapa wafanyakazi muda wa kura, Patagonia na Levi Strauss, kampuni za nguo, walikuwa wa mwanzo, na hawajafilisika.

(b) Vani ya Clarkston Jumamosi zile mbili za kura ya mapema ipite kituoni, kwenda na kurudi, kwa anayetaka. Isiwe na nembo wala fulana za kampuni, na asipande meneja.

(c) Kila Januari kabla bunge halijaanza bandikeni kantini ukurasa mmoja, mswada gani wa kura mtauunga mkono, upi mtaupinga, upi hamna maoni. "Hatuna maoni" ni jibu halali. Walobisti wenu waende nao ukurasa huohuo. Baada ya gavana kusaini hatutaki kusikia kitu kutoka kwenu.

(d) Pembeni ya ukurasa huo bandikeni orodha ya michango ya mwaka uliopita. Iko wazi tayari, tunaomba tu iwe kwenye karatasi kwa wasio na muda wa kuitafuta usiku.

(e) Neno "sisi wafanyakazi" litoke kwenye matamko yote ya siasa, yale ya zamani mtandaoni pia.

Ratiba ya Novemba huwa inabandikwa katikati ya Oktoba. Jibu lenu tunalingoja kabla ya hapo, kwa maandishi, kwenye ubao ulio karibu na mashine ya kugonga kadi, kwa Kiingereza na Kispanyola na Kiswahili na Kiburma. Mkiamua kutujibu kwa imeili ya mashine tutaichapisha chini ya barua hii kama ilivyo, na tutaanza kukusanya sahihi za shifti zote tatu.

Wenu kazini,

Mfanyakazi wa shifti ya kati, mpiga kura wa kaunti ya DeKalb